Kisu cha kukunja kimeshika kutu bila kutumika: dalili, vyanzo na tiba

Nakaa Tanga, bahari naisikia nikiwa kitandani, na visu vya kukunja ndio ugonjwa wangu. Mtaani wakishajua hilo, basi: kisu kikigoma kinaletwa kwangu. Malalamiko hayazidi saba au manane, na karibu kila anayekuja huanza kwa maneno yaleyale: "Wala sijakitumia, nilikiweka tu." Nami humwambia kuwa huko kuwekwa ndiko kulikokiponza. Kisu cha kazi hufutwa, hunolewa, hupigwa na hewa. Kisu kilichotiwa kwenye ala ya ngozi, ala ikaingia kwenye begi, begi likasukumwa mvunguni kabla ya masika, hicho kutu inakitafuna taratibu na hakuna anayeiona.

Nimepanga kwa dalili. Kila dalili inaanza na chanzo ninachokikuta mara nyingi zaidi, halafu vile vya nadra. Usiruke ukaguzi mwepesi ukakimbilia msasa.

Kabla hujagusa chochote

Jua kisu chako ni cha chuma gani. Vipo vya chuma cha kaboni, vinavyonoleka upesi na kushika kutu upesi vilevile, na vipo vya stenlesi. Opinel ya Ufaransa huandikwa kwenye bapa CARBONE au INOX, kwa hiyo hapo hakuna kubahatisha. Kisu kisicho na maandishi kidondoshee tone la ndimu karibu na mpini, usubiri dakika tano. Kaboni itaacha doa la kijivu. Stenlesi itabaki vilevile. Osha, kausha. Usijisumbue na sumaku, kwa sababu stenlesi ya visu nayo hunasa sumaku, tofauti na ile ya masinki mengi.

Kisha funga makali kwa selotepu au kitambaa kinene. Vidole vingi nimeviona vikikatika wakati wa kusafisha kisu, si wakati wa kumenya chungwa.

Bapa lina vidoa vya kahawia au rangi ya machungwa

Chanzo kinachovipita vingine vyote kwa mbali ni kisu kufungwa kikiwa na maji. Umemenya embe, umelipangusa bapa kwenye suruali, ukakifunga. Bapa limekauka kweli, lakini majimaji yaliyotambaa hadi kwenye kiungo na ndani ya mpini yamebaki humo, na kisu kilichofungwa hakina pa kupumulia. Kagua hivi: kifungue, mulika ndani ya mpini kwa tochi ya simu, kisha pitisha humo kijiti cha mwanzi kilichoviringishwa kitambaa cheupe. Kitambaa kikitoka na rangi ya kahawia, kutu imeanzia ndani, na kusafisha bapa peke yake ni kazi bure.

Cha pili ni mikono yako. Jasho lina chumvi, na chumvi huvuta maji kutoka hewani. Mwaka fulani, usiku wa kuamkia safari ya Arusha, nilikitoa kisu cha kaboni cha marehemu babu, nikakigeuzageuza kwenye taa, nikakiacha mezani bila kukifuta. Niliporudi baada ya wiki tatu nilikuta dole gumba langu limechorwa kwa kutu katikati ya bapa: mistari yote ipo, hata kovu dogo la utotoni linaonekana. Nililisafisha. Lakini ukiliinamisha bapa kwenye mwanga wa dirisha, hadi leo utaliona.

Cha tatu ni ala ya ngozi. Ngozi hunywa unyevu wakati wa mvua na kuutoa polepole, na ndani yake hubaki chumvi na asidi zilizotumika kuilainisha kiwandani. Ukiona kutu imejipanga kufuata mshono wa ala, au imejikusanya pale penye kifungo, usitafute mchawi mwingine. Ala ni ya kubebea. Si ya kulazia.

Cha nne, ambacho watu hawakidhanii, ni kiyoyozi. Kisu kimelala chumba chenye nyuzi 22, unatoka nacho nje mchana. Hewa ya pwani yenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80 huanza kudondosha umande ikikuta kitu chenye nyuzi 26 au chini yake. Kisu kinatoa jasho mfukoni mwako, nawe hujui. Walio Muscat na Dubai wanalipata hili kuliko sisi. Kiache ndani ya begi hadi kipate joto la nje, ndipo ukitoe.

Tiba huanza na kilicho laini. Dondosha mafuta ya cherehani juu ya doa, subiri saa moja, sugua kwa kitambaa cha pamba. Kutu changa huondoka hapohapo. Ikikaidi, changanya bekingi soda na maji kidogo iwe kama uji mzito, sugua kwa mswaki mkuukuu. Ikikaidi tena, chukua msasa wa maji namba 1000, uloweshe mafuta, upitishe kwa mwelekeo mmoja kutoka mpinini kwenda ncha. Usizungushe, maana mikwaruzo ya duara haifichiki.

Siki na ndimu hutoa kutu, sibishi. Ila hula na chuma chenyewe. Ukizitumia, ziwe kwenye pamba, juu ya doa tu, zisizidi dakika kumi, kisha uoshe kwa maji yenye bekingi soda na ukaushe. Kisu kizima usikiloweke hata siku moja. Asidi itaingia kwenye kiungo na kufanya makazi humo.

ACHA HAPO endapo ukucha unanasa kwenye shimo. Hiyo si kutu ya juu tena, chuma kimeshaliwa, na kulifuta shimo maana yake ni kulipunguza unene bapa lote. Shimo lililosafishwa na kupakwa mafuta linaweza kukaa miaka bila kuendelea. Shimo lililofika kwenye makali, au lililo jirani na pini, mpelekee fundi. Na kisu cha zamani chenye chapa ya mtengenezaji usikitie msasa kabisa kabla mtu anayevijua hajakiona. Ukifuta chapa umefuta thamani yake.

Neno moja juu ya wanoa visu wa baiskeli. Ni mafundi wazuri wa visu vya jikoni na majembe, nami nawapa kazi. Kisu chembamba cha kukunja siwapi. Jiwe linalozunguka kavu hulichemsha bapa upesi, na ukiona ncha imegeuka bluu, ugumu wake umeshakwenda na haurudi kwa kunoa.

Bapa limekuwa kijivu, bluu au jeusi

Mara nyingi hakuna ugonjwa hapo. Chuma cha kaboni kikikutana na embe, kitunguu au nyanya hubadilika rangi, na utando huo mweusi husaidia kidogo kuzuia kutu nyekundu. Pangusa kwa kitambaa cheupe chenye mafuta. Kikitoka kisafi au na weusi hafifu, acha. Kikitoka na rangi ya tofali, rudi kwenye sehemu iliyotangulia. Wako wanaosugua hadi bapa ling'ae kama kioo, halafu kesho yake wanashangaa limeota kutu: wamelivua nguo.

Stenlesi ina vidoto vyeusi kama vya sindano

"Si waliniambia hii haishiki kutu?" Hushika. Stenlesi huwa na kromiamu isiyopungua asilimia 10.5, na kromiamu hiyo huunda utando mwembamba mno juu ya chuma. Utando ukikwaruzwa hujijenga upya, ilimradi hewa ifike. Tatizo ni pale hewa isipofika: chini ya uchafu mkavu, chini ya ngozi ya ala iliyobana, ndani ya kiungo. Hapo chumvi ya bahari hutoboa, na tobo lake huwa dogo juu na pana chini, kwa hiyo doa unaloliona ni mlango tu wa shimo.

Kwa hiyo angalia kwanza kama kisu kililazwa na uchafu. Magamba ya samaki, utomvu wa papai, gundi ya selotepu, vyote hivi huziba hewa. Pili, uliza ndani ya nyumba kama kuna aliyekiosha kwa dawa ya kufulia yenye klorini. Hiyo huanzisha vishimo ndani ya muda mfupi. Tatu, kumbuka kama ulikisugua kwa stilwaya. Chembe zake za chuma hubaki zimejichomeka kwenye bapa, zinashika kutu zenyewe, na stenlesi inasingiziwa. Doa la namna hiyo huondoka kwa bekingi soda bila kuacha shimo, na wewe unapumua.

Shimo la kweli halizibiki. Safisha, kausha, paka mafuta, badilisha mahali pa kulazia.

Kinafunguka kwa tabu, au kimegoma kabisa

Hili ndilo linaloleta watu wengi mlangoni kwangu, na ndilo wanaloliharibu zaidi kabla hawajafika. Mzee mmoja mvuvi aliniletea kisu kikiwa na alama za koleo bapa zima. "Mwanangu, nimekivuta mpaka meno yakauma." Kiungo chake kilikuwa hakina kutu hata chembe. Kilikuwa kimejaa mafuta ya alizeti yaliyoganda, rangi ya asali, yananata kama gundi, na ndani yake mchanga na magamba mawili ya changu.

Mafuta ya kupikia ndiyo chanzo namba moja. Yakikaa hewani hukauka yakawa utando. Hata ya nazi, ambayo hayakauki, huchacha na kuwa na asidi, halafu asubuhi za kipupwe huganda. Ukaguzi: nusa kiungo. Kikinuka jikoni, jibu umelipata. Tiba ni maji ya moto yenye sabuni ya vyombo, mswaki, kukifungua na kukifunga mara ishirini kama kinakubali, suuza, kisha kausha sana. WD-40 hapa inafaa kwa kufukuza maji na kulainisha uchafu, ila usiihesabu kuwa mafuta ya kulaza kisu. Nguvu yake ya kulinda haidumu. Baada yake tone moja la mafuta ya cherehani kwenye pini. Tone moja. Mafuta yanayodondoka ni mtego wa vumbi.

Chanzo cha pili ni mpini wa mbao kuvimba. Opinel ina mpini wa mbao, na mbao ikinywa maji hulibana bapa. Hapa kutia mafuta kwenye pini hakusaidii kitu. Weka kisu kivulini penye upepo siku mbili tatu. Juani hapana, mbao itapasuka. Kikiwa hakifunguki, geuza pete ya kufuli iliyo shingoni mwa mpini ikae wazi, gonga kitako cha mpini mezani kwa kishindo kidogo: bapa litachungulia, na utapata pa kushika. Huko Savoie, kinakotoka kisu hiki, ndivyo wanavyokifungua miaka yote.

Cha tatu ni mchanga, cha nne ndiyo kutu ndani ya kiungo chenyewe. Kwa kutu, dondosha mafuta mepesi kwenye pini pande zote mbili, kilaze ubavu, rudia asubuhi na jioni kwa siku tatu. Kisha jaribu kukitikisa mbele na nyuma, milimita kwa milimita, ukilishika bapa kwa mgongo wake na kitambaa. Likisogea hata kidogo, subira ndiyo itakayomaliza kazi, si nguvu.

Kisu chenye skrubu kinaweza kufunguliwa na mtu mwenye bisibisi ya nyota ya ukubwa sahihi. Piga picha kila hatua, maana washa za kiungo, vile vipete vyembamba, hukimbia. Chenye pini za kugongelewa usikifungue mwenyewe.

ACHA HAPO, mpe fundi anayekereza vyuma au mrudishie mtengenezaji, iwapo: kisu kimefunguka lakini kufuli halishiki, au linashika leo na kesho linaachia, bapa linacheza kulia na kushoto hata baada ya kukaza skrubu, kuna ufa karibu na pini, springi ya mgongoni imelegea au imepasuka. Kisu kinachojifunga chenyewe juu ya vidole hakina jina la "kitafaa kwa kazi ndogo ndogo".

Shaba imeota kijani

Vipande vya shaba ya manjano vilivyo kwenye mpini hutoa ukoko wa kijani unaonata. Tisa kwa kumi nimeukuta kwenye visu vilivyolazwa ndani ya ala ya ngozi, maana mafuta ya ngozi yana asidi inayoichokoza shaba. Baada ya ngozi hufuata jasho, halafu hewa ya bahari. Ondoa kwa kijiti cha mwanzi na mafuta, pangusa kwa spiriti, usile ukiwa na mikono hiyo. Ukoko ukirudi baada ya wiki mbili ilhali kisu hakiko tena kwenye ngozi, soma sehemu ya sanduku hapo chini kwa makini.

Weusi kwenye fedha ni jambo jingine: hiyo ni salfa, na huletwa na mpira wa kufungia noti, vitambaa vya sufu, au glavu za mpira zilizolala droo moja na kisu. Toa mpira, futa kwa kitambaa laini. Mapambo ya fedha yaliyochongwa mpelekee sonara.

Mpini una unga mweupe

Ukungu. Pembe, mbao na ngozi zote huupata. Futa kwa spiriti nje ya nyumba, weka penye upepo. Kwenye mpini wa pembe angalia pia vitundu na unga mkavu chini yake. Hao ni wadudu, na kisu hicho kitenge na wenzake. Mpini wa plastiki ya zamani usiupake spiriti, na sababu inafuata.

Visu vyote sandukuni vimeshika kutu kwa pamoja

Aliyekusanya visu kumi akakuta sita vimeharibika kwa mkupuo hudhani ni mvua. Wakati mwingine ni mvua. Lakini kama vilivyoharibika ni vile vinavyopakana, tafuta mwenye sumu kati yao.

Anza na sanduku. Mbao mbichi, gundi au vanishi ambayo haijakauka vizuri, na hasa mbao za mwaloni, hutoa mvuke wa asidi, na sanduku likifungwa mvuke huo hauna pa kwenda ila juu ya chuma. Fungua baada ya wiki moja uinamishe pua: ukisikia ukali wa siki, hamisha visu. Magazeti nayo yana asidi na hunywa unyevu; usiyafungie visu.

Kisha angalia mipini. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 visu vingi vya Ulaya na Marekani vilitiwa mipini ya seluloidi, plastiki ya rangi nzuri, ya kung'aa, mara nyingi kuiga gamba la kasa au lulu. Seluloidi ikizeeka huanza kuoza kutoka ndani, na ikioza hutoa gesi yenye asidi ya naitriki. Gesi hiyo haichagui: inaila shaba ya kisu chenyewe, inaligeuza bapa jekundu, halafu inahamia kwa majirani. Dalili zake ni harufu kali ya kuchoma pua, wakati mwingine ikichanganyika na ya kafuri. Mpini uliotoa jasho. Nyufa ndogondogo za ndani kama barafu iliyopasuka. Na kijani kilichozunguka pale shaba inapogusana na mpini.

Kitoe humo leo hii. Kiweke peke yake, mahali penye hewa, mbali na jua, jiko na sigara. ONYO: seluloidi hushika moto kwa urahisi na huwaka kwa kasi ya kutisha. Usiipashe, usiitupe kwenye taka za kuchomwa, usiipake spiriti wala asetoni, kwani vitaiyeyusha. Iliyofikia hatua ya kuvuja haiponi. Kama kisu kina thamani, fundi wa visu anaweza kutoa mpini na kuvisha mwingine; hiyo si kazi ya kujifunzia.

Nasafisha, baada ya mwezi inarudi

Basi tatizo si kisu tena, ni kitanda chake. Kutu hupamba moto unyevu wa hewa ukipita takriban asilimia 60, na pwani yetu hushinda juu ya hapo karibu mwaka mzima. Huwezi kukausha hewa ya Tanga, ila unaweza kukausha hewa ya boksi.

Mafuta kwanza. Kwa kisu kinachokata chakula nunua duka la dawa ile parafini ya maji isiyo na rangi wala harufu, inayonywewa na wenye choo kigumu. Wasomaji wa Kenya nawatahadharisha: si parafini ya taa. Kwa kisu kitakacholala miezi, vaselini tupu isiyo na manukato hushinda mafuta mengi, kwa kuwa haitiririki. Paka mpaka bapa ling'ae, kisha futa kana kwamba ulikosea kupaka, kinachobaki kinatosha. Oili chafu ya gari wanayokushauri gereji ikatae. Ina asidi na vumbi la chuma kutoka kwenye injini, na haifai kukaa kwenye mikono yako, sembuse chakula.

Halafu boksi la plastiki lenye mfuniko wa kubana, na ndani yake vipakiti vya silika, vile vinavyokuja na viatu. Ukivipata vimezagaa dukani vimeshashiba unyevu, havinyonyi tena. Afadhali kununua punje zenye rangi, zinazoonyesha zenyewe zikichoka: za machungwa huwa kijani, za bluu huwa waridi. Zikaushe kwenye oveni nyuzi 120 saa mbili, au juu ya bati kavu kwa moto mdogo huku ukikoroga. Bati hilo lisirudi jikoni, na za bluu zina kobalti, ziweke mbali na watoto.

Kisu kikunjwe kikiwa kikavu, kifungwe ndani ya kitambaa cha pamba kilichofuliwa bila manukato, kisigusane na mwenzake. Vyangu viko kwenye bati la zamani la biskuti ambalo mfuniko wake nimeuzungushia utepe. Kaskazi nalifungua kila baada ya miezi miwili. Masika, kila wiki ya pili, na nikimaliza kuvikagua, kabla sijakunja, nafuta alama za vidole vyangu.